Simu Ndani ya Sufuria

Kofi la kwanza lilimkuta Jannat amesimama, la pili likamkuta ameshakaa, na jinsi alivyokaa mwenyewe hakujua. Mbele ya macho yake palikuwa na simu, imeshikwa na mkono ule ule uliompiga, na kwenye kioo chake maandishi ya kijani: Jannat amemaliza. Tudor.

"Soma," Hussam alimwambia. "Si wajua kusoma? Soma hapo ni wakati gani."

Akasoma kimoyomoyo. Ilikuwa kabla ya adhana ya alasiri. Naye alikuwa ameingia nyumbani kwao Ganjoni watu washaswali, washatoka msikitini, washatawanyika.

"Tudor na hapa kuna mwendo gani, wewe? Ulikuja ukitambaa?"

"Nilikaa nikala."

"Na nani?"

Hilo ndilo lilikuwa gumu kujibu. Alimaliza kumpaka hina bibi harusi, shangazi za bibi harusi wakaweka sinia chini, wanawake wakalizunguka, na Dama, mpishi mkuu wa shughuli, akasimulia kisa cha mume mmoja aliyekwenda kuonja mchuzi kwa siri akatumbukia kwa ndevu. Walicheka mpaka wali ukapoa. Sasa mtu atamwambia mumewe nini, kwamba amechelewa kwa kuwa alikuwa akicheka? Akanyamaza. Na Hussam, kunyamaziwa kulimtia moto kuliko kujibiwa. Aliuchukua mfuko wake wa kazi akaumwaga sakafuni, akazikanyaga koni za hina moja moja, taratibu, kama mtu auaye mende. Hina ikaruka ukutani. Kisha akamvua mtandio kichwani, akamtupia usoni.

"Pangusa. Kwa huo huo."

Jannat akapangusa, magoti sakafuni, sikio moja likivuma. Hussam alisimama kumwangalia mpaka vigae vikang'aa, ndipo akaitia simu mfukoni kwa upole, kama mtu awekaye yai.

"Mshukuru nduguyo," alisema. "Kabla yake mimi nilikuwa kipofu."

*

Nduguye ni Kamaludin, mdogo wake, aliyekuwa akikaa na mama yao, Mwanatumu, Kibokoni, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye ngazi zilizoliwa na chumvi. Kijana huyu alikuwa na kichwa chepesi kwa mambo ya kompyuta. Alifundishwa na watu waliojua, kwamba usitengeneze kitu kwa kuota kitandani. Nenda ukakae na mteja, ufunge mdomo, umsikilize shida yake mpaka mwisho, kisha urudi ukamtengenezee dawa ya shida hiyo na si nyingine.

Naye akasema atatengeneza programu ya watu wa shughuli: wapaka hina, wasusi, wapambaji, wapishi wa pilau, wachoma vitumbua. Mwenye harusi aguse simu, apate mtu. Akaiita Shughuli. Na kusikiliza alisikiliza kweli, hilo hakuna awezaye kumnyima. Kasoro ilikuwa pale alipokaa. Hina hupakwa ndani, mlango umefungwa, mwanamume haingii. Kupika hupikwa uani, na kijana anayezubaa uani kwa wanawake wa watu hutafutiwa jina baya. Basi Kamaludin akakaa barazani, nje, na walioko nje: waume, kaka, mashemeji, wale wanaowaleta wanawake asubuhi na kuwangoja jioni. Akawauliza shida yao. Wakamwambia kwa sauti moja kwamba shida yao ni kungoja. Mtu hajui mkewe kafika wapi, hajui kamaliza saa ngapi. Kamaludin aliwanunulia kahawa na kaimati, akafunga mdomo kama alivyofundishwa, na aliporudi nyumbani akatengeneza vitufe viwili. Mwanamke akifika kazini abonyeze Nimefika. Akimaliza abonyeze Nimemaliza. Ujumbe uende kwa msimamizi wake, mume au kaka, na mahali alipo paonekane kwenye ramani.

Aliyempa maneno mengi kuliko wote barazani alikuwa shemeji yake, Hussam.

Jannat alikwenda Kibokoni siku ya pili, uso ndani ya nikabu. Alimkuta mama yake anatwanga mchele kwenye kinu, mchi unapanda na kushuka. Aliifunua nikabu. Mwanatumu aliangalia mara moja tu, akaushusha mchi, akaenda akachovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye chumvi, akaanza kumkanda jicho. Hakuuliza ni nani. Alisema mwanamume ana presha za kazi, na pale Shimanzi, kwenye yadi ya malori anayoisimamia Hussam, watu hutukanana kutwa. Mtu hurudi nyumbani na matusi ya watu kifuani. Alisema Jannat asubiri kidogo. Alisema, na hapa akapunguza sauti, kwamba Kamaludin ana siku yake kubwa Jumamosi, wafadhili wanakuja kuiona hiyo programu, na isiwe sisi ndio tutakaomtilia mchanga.

Mlango wa chini ulipolia, Mwanatumu mwenyewe ndiye aliyeishusha nikabu ya binti yake.

Kamaludin alipanda ngazi akipiga mluzi. Akamsalimu dada yake, akamega kitumbua cha jana, akaanza kuzungumzia ukumbi na wageni.

"Kamal," Jannat alisema, "kile kitufe cha Nimemaliza, kitoe."

"Nikitoe? Dada, hicho ndicho kinachopendwa kuliko vyote."

"Na nani?"

"Na wateja."

"Mimi si mteja?"

Kamaludin alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aulizwaye na mtoto. "Wewe mtumiaji. Mteja ni yule mwenye shida niliyoitatua. Nimezunguka baraza zote za mji huu. Siwezi sasa kukivunja kwa neno la mtu mmoja, hata awe dadangu."

Jannat aliinua mkono mpaka kwenye ukingo wa nikabu. Mama yake alikuwa akimtazama. Mkono ukarudi mapajani.

"Na Jumamosi," Kamaludin aliendelea, mdomo umejaa, "shemeji Hussam ndiye atakayesema mbele ya watu. Amekubali. Mtu wa maana yule."

Mwanatumu akarudi kwenye kinu, akatwanga mchele ambao ulikuwa ushakuwa unga.

*

Jumamosi hiyo palikuwa na shughuli Tudor, na Dama alikuwa uani tangu alfajiri. Ng'ombe alikuwa ameshatindwa, damu imeoshwa lakini nzi hawajaondoka. Dama, mwanamke wa Kaloleni mwenye mabega ya kuli, alikuwa anapasua mifupa kwa shoka, na kila shoka liliposhuka alisema jina la mwanamume. Wenzake walikuwa wakicheka.

Kando ya jiko la tatu palikuwa na sufuria dogo, kifuniko juu, halina moto chini yake. Ndani mlikuwa na simu. Hiyo ndiyo akili waliyoivumbua wanawake wa shughuli baada ya kitufe kuwaponza majumbani, Jannat akiwa wa mwisho. Kila mmoja akifika hubonyeza Nimefika, kisha humkabidhi Dama simu yake. Jioni, kila mtu akishakula, akishacheka, akishakwenda kwake alikokuwa na haja ya kwenda, Dama hufunua sufuria na kuwabonyezea wote Nimemaliza kwa kidole chenye mafuta. Hiyo ilikuwa saa yao. Kabla ya sufuria, wengine walilipa. Rosebella, msusi, alipungukiwa na jino la mbele kwa sababu ya kuchelewa kwa kiasi cha kununua muhogo wa kukaanga. Alilitaja kwa utani. Alisema lake lilidondokea kwenye uji, na mumewe akamwambia amalize uji. Maisara, mpambaji, mbavu zake zilikuwa hazimruhusu kuinama, akawa anapamba viti kwa kupiga magoti.

Jannat alimaliza mikono na miguu ya bibi harusi mapema. Akaitia simu yake kwenye sufuria na zile nyingine. Kisha akamwomba Maisara wabadilishane buibui, maana lake lina taraza za dhahabu ukingoni ambazo Hussam angezijua hata gizani.

"Wapi sasa?" Dama aliuliza, shoka begani.

"Nakwenda kumsikiliza ndugu yangu."

"Atakusikiliza na yeye?"

Jannat akajifunga buibui la Maisara. Dama akashusha shoka kwenye goti la ng'ombe, mfupa ukapasuka katikati, na akasema kwamba simu atazilinda, lakini asichelewe, maana sufuria halina ulimi wa kujitetea.

*

Ukumbi ulikuwa na feni nyingi na watu wasafi. Jannat alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamke mmoja wa nikabu miongoni mwa wengine, hakuna aliyemgeukia. Kamaludin alisema vizuri. Alieleza jinsi alivyozunguka barazani na alivyofunga mdomo, na wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akamwita mteja wake.

Hussam alipanda jukwaani na kanzu iliyopigwa pasi, akatoa salamu ndefu, akawauliza watu hali zao kwa sauti ya upole ambayo Jannat alikuwa hajaisikia tangu posa. Akasema yeye ni mtu mwenye wivu wa halali, watu wakacheka. Akasema zamani alikuwa akikaa juani kumngoja mkewe, sasa anakaa kwenye kivuli. Simu yake iliunganishwa na mtambo, na ramani ikatokea ukutani, kubwa kama shuka la kitanda, na nukta ya kijani juu yake.

"Huyo ndiye mke wangu," alisema, akaielekeza kidole. "Yuko Tudor, kazini. Hajamaliza. Mimi niko hapa nimetulia. Mwanamume ataka nini tena?"

Wakampigia makofi. Mama mmoja wa wafadhili, mwenye miwani kifuani, akauliza kama wake wenyewe waliulizwa maoni yao. Kamaludin akajibu kwamba kwa mila zetu waliulizwa kupitia waume zao. Mama yule akaandika kitu.

Hapo ndipo Jannat aliposimama. Hakuwa amepanga kusimama. Alikuja asikie tu. Magoti yalimwinua yenyewe. Akapita katikati ya viti mpaka mahali ambapo mwanga wa mtambo ulimpiga, ile nukta ya kijani ikawa nyuma yake, akaifunua nikabu. Jicho moja lilikuwa limefumba, zambarau, na chini yake ngozi ilikuwa ya manjano mpaka shavuni.

"Kamal," alisema. "Mimi niko wapi?"

Akaunyoshea ukuta kidole.

"Niangalie ukutani, kisha uniangalie hapa. N'ambie niko wapi."

Kamaludin alikuwa ameshika kipaza sauti. Alimwangalia dada yake, akamwangalia yule mama mwenye miwani, na ulimi wake ukakimbilia pale ulipozoea. "Ni hitilafu ndogo ya mtandao," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kwenye spika zote. "Tutairekebisha."

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakacheka kidogo, kama mtu achekavyo akiokotewa kitu chake. Hussam alishuka jukwaani bila haraka, akamzungushia mkewe mkono mabegani, akawaambia waliokuwa karibu kwamba ana maumivu ya jino, maskini, limemvimbisha uso. Akamtoa nje.

Gari lake lilikuwa kwenye kichochoro, tairi moja juu ya ngazi za nyumba ya watu. Akamfungulia mlango kama mwungwana. Jannat aliingia mguu mmoja, mkono wake wa kulia ukashika ukingo pale mlango unapofungia. Hussam aliuangalia ule mkono. Ulikuwa bado na madoa ya hina ya bibi harusi kwenye vidole. Aliuangalia mpaka akaumaliza, ndipo akaubamiza mlango.

Akaufungua. Akaubamiza tena.

Kamaludin alifika kwenye ngazi za ukumbi mlango ukibamizwa mara ya pili. Sauti aliyoisikia haikuwa ya dada yake. Dada yake hakupiga kelele. Ilikuwa sauti kama ya banzi likivunjwa. Alimrukia Hussam kwa nyuma, akamkaba, wakaanguka pamoja kwenye mfereji. Kamaludin hakujua kupigana. Alipiga kichwa, mgongo, ukuta. Hussam, aliyelelewa na yadi za Shimanzi, alimpiga kwa kipaji cha uso mara moja tu kwenye pua, na damu ikamwagika shatini kama bomba limefunguliwa. Watu wakaja, wakamshika nani? Kamaludin. Wakamwambia kijana, hayo ni ya mke na mume.

Jannat alikuwa ameteleza kutoka garini, amekaa chini, mkono wake ameuweka mapajani kama kitu cha mwenziwe alichoombwa ashike.

Hussam alijikung'uta kanzu. Akaiokota simu yake mferejini, akaipangusa. "Atarudi mwenyewe," alisema. "Aende wapi? Nitamwona tu."

*

Vidole vitatu vilivunjika, na mfupa wa kiganja. Daktari aliufunga mkono plasta mpaka kiwiko, akaulizwa kama utashika tena koni ya hina, akasema tungoje tuone.

Jannat akalala Kibokoni. Mjomba wa Hussam akaja na halua, akasema milango ya magari ya siku hizi mibaya, hufunga kwa upepo. Mwanatumu aliipokea halua. Akakubali kwamba upepo ule siku hiyo ulikuwepo. Jannat alikuwa chumba cha pili, akasikia kila neno. Na mgeni alipoondoka, mama yake aliingia, hakumtazama mkono, akasema ndoa si nguo ya kuvua kila ikichafuka, akatoka.

Kamaludin alikaa mlangoni pa chumba hicho, pua imejaa pamba. Alisema anaifuta programu yote, sasa hivi, mbele yake.

"Usifute," Jannat alisema.

"Dada, mimi ndiye niliyekuvunja."

"Alonivunja namjua. Ukifuta leo, kesho wanawake mji mzima wataulizwa simu imenyamaza kwa nini, na wataulizwa kwa mikono. Usifute. Kwanza nenda kakae pahali ambapo hukukaa."

Basi Kamaludin akakaa. Dama alimtundikia lesso mbili kwenye kamba ya uani, akampa ndoo aipindue, aikalie, mgongo kwa wanawake. Jannat alikuwa upande wa pili pamoja nao. Mara ya kwanza Kamaludin alipofungua mdomo kueleza jambo, Dama aliupiga mwiko kwenye sufuria, mlio ukamwingia mpaka kwenye meno. Mara ya pili vilevile. Baada ya hapo hakueleza tena. Wanawake walianza kwa utani, wakamwuliza kama ndoo haimfinyi. Kisha Rosebella akasimulia habari ya jino, safari hii bila mzaha, na ya uji alioumaliza. Maisara akasema alivyolala kifudifudi uvunguni mwa kitanda mpaka asubuhi, na jinsi alivyowasikia majirani wakiongeza sauti za redio. Kila mmoja alikuwa na lake. Nyuma ya lesso, yule kijana alianza kulia akiwa na pua iliyovunjika, jambo ambalo ni adhabu peke yake.

Hakuna hata mmoja aliyetaja kungoja nje. Shida yao haikuwa kazini wala njiani. Ilikuwa nyumbani, mlango ukishafungwa. Walichotaka ni kwamba mmoja akifungiwa, abonyeze kitu bila ya kuonekana, na wenzake wote waijue nyumba. Na wanaokwenda wabonyeze wakifika, ili aliye ndani ajue hayuko peke yake.

"Na waume?" Kamaludin aliuliza kwa kunong'ona, akingoja mwiko. Mwiko haukulia. "Niwatoe kwenye ujumbe wa wanaofika?"

Wanawake wakanong'onezana. Kisha sauti ya Jannat ikatoka nyuma ya lesso.

"Waache. Walisema wataka kujua nani kafika wapi. Wajue."

Akaifanya hivyo. Akaitia kwenye simu za wote, na ya mama yake pia, kwa kuwa hata Mwanatumu ni mtu wa shughuli, vitumbua vyake huitwa mpaka Tudor. Mwanatumu aliiangalia simu kwa kuchukia. Akasema yeye ni mzee, si wa kuchezea vidude, akaichimbia chini ya gunia la mchele.

*

Hussam alikuja Ijumaa, watu wametoka msikitini. Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya kichochoro. Alivaa kanzu yake nyeupe, na mkononi alikuwa na spana ya kufungulia magurudumu ya lori, ndefu kama paja la mtu. Jannat alimwona kutoka dirisha la juu. Aliwaona pia majirani wanavyomwona, na madirisha yao yanavyofungwa, moja baada ya jingine.

Hakubisha. Aliipiga spana mlangoni moja kwa moja, vumbi la chokaa likaanguka ngazini.

"Nimekuja kuchukua changu," alisema, wala hakupaza sauti.

Mwanatumu alitoa kichwa dirishani, akamwita mwanangu Hussam, akamwambia apande watazungumza, kuna chai. Hussam akamwambia, "Mama, nakuheshimu. Nitolee mke wangu." Akapiga tena, ubao wa chini ukapasuka.

Kamaludin alishuka. Alimwambia mama yake aje afunge komeo nyuma yake kisha arudi juu, akatoka nje, akasimama mgongo mlangoni, mikono mitupu. Jannat alimwona utosi tu kutoka juu. Aliisikia spana ya kwanza ikimpata begani. Ya pili ilimpata goti, na utosi ule ukatoweka. Hakuomba msamaha, hakuita mtu. Aliushika mguu wa Hussam kwa mikono yote na hakuuachia, na Hussam akawa anampiga mgongoni kwa spana, kwa kipimo, kama mtu apondaye mawe.

Jannat alikuwa ameshabonyeza. Alibonyeza kwa kidole gumba cha kushoto, kidole kisichojua kazi, mara ya kwanza kikakosa. Kisha akangoja, na kungoja huko hakukufanana na kungoja kokote alikokuona maishani. Alijua Dama na wenzake wanapika walima, karamu ya harusi, mtaa wa pili. Alijua pia kwamba nyama ikiwa motoni mpishi haondoki. Hiyo ni sheria yao kabla ya sheria yoyote. Na alijua majirani wa Maisara walivyoongeza redio.

Simu mkononi mwake ikalia, ting. Chini, ndani ya mfuko wa kanzu, simu nyingine ikalia vilevile.

Rosebella amefika. Kibokoni.

Hussam hakushughulika. Ikalia tena. Maisara amefika. Ikalia, ikalia, majina ya wasusi na wapambaji na wakaanga viazi, mengine Jannat hakuyajua. Hussam alisimamisha spana hewani, akaitoa simu kwa mkono wa pili, akaisoma amekunja uso. Akasogeza kidole, akaikuza ramani. Nukta za kijani zilikuwa zimejaa kichochoro kimoja. Akainua macho.

Dama alikuwa amesimama kwenye kona, mwiko wa pilau mkononi, ule mrefu unaokorogea masufuria ya harusi, samli ingali inadondoka. Nyuma yake walikuwa wenzake, lesso viunoni, masizi usoni, mmoja na kuni lenye kaa jekundu nchani. Wakasogea. Madirisha yakaanza kufunguka.

"Mpishi," Hussam alisema, "rudi kwenye jiko lako."

Akainua spana. Dama hakumngoja aishushe. Mwiko ulimkuta kwenye kifundo cha mkono, na Jannat, kutoka juu, akaisikia sauti anayoijua, ya banzi. Spana ikaanguka, ikalia kwenye mawe. Mwiko wa pili ulimkuta sikioni. Kuni likamgusa kanzu, ikashika, akaizima kwa kiganja akipiga mayowe. Rosebella alimtemea mate usoni kupitia pengo lake. Simu ikamtoka, ikaanguka kifudifudi karibu na kichwa cha Kamaludin, ambaye bado alikuwa ameushika ule mguu.

Hussam akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Akaugonga kwa kisigino. Sauti yake ikawa ile ya ukumbini, laini, ya salamu ndefu.

"Mama. Mama, nifungulie. Wataniua hawa. Mama yangu."

Jannat aligeuka kumtazama mama yake. Chumba kilikuwa kitupu. Gunia la mchele lilikuwa limeanguka, mchele umemwagika mpaka mlangoni. Kinu kilikuwa pale pale pembeni, na ndani yake hamna mchi.

Ting, simu mkononi mwake. Ting, simu chini maweni.

Mwanatumu amefika. Kibokoni.

Na pale chini, nyuma ya mgongo wa Hussam, komeo likavutwa.